Fungu la Mto: Maji ya Mwache kati ya Mfereji na Hori

Liwatoni, mtaa wa kisiwa cha Mombasa, imezungukwa na maji yasiyonyweka. Mbele yake umelala mlango wa Kilindini, wenye kina cha kupitisha meli kubwa. Pembezoni mwake ipo bandari ya uvuvi inayopokea jodari kutoka bahari kuu, na mkabala wake ni Likoni, ambako daraja la kuelea la watembea kwa miguu lilifunguliwa Januari 2021. Maji ya kupikia na kunywa ya mtaa huu, kama ya kisiwa kizima, hutoka mbali. Mengine husafiri zaidi ya kilomita 200 kutoka chemchemi za Mzima ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi, kwa bomba lililojengwa miaka ya 1950. Mengine huvutwa kutoka visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, na mengine yanatoka Marere katika milima ya Shimba na visima vya Tiwi. Vyanzo vyote hivyo kwa pamoja haviitoshelezi Mombasa. Mahitaji yake yanakadiriwa kukaribia mita za ujazo 200,000 kwa siku, na kinachofika ni sehemu ndogo tu ya hizo. Pengo hilo huzibwa na mikokoteni ya wauza maji, visima vya chumvi vya majumbani, na akina mama wanaokesha wakisubiri mfereji uanze kutoa.

Ndiyo maana bwawa la Mwache linangojewa kwa hamu. Linajengwa Fulugani, katika eneo la Kinango, Kaunti ya Kwale, kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Limekusudiwa kuhifadhi karibu mita za ujazo milioni 120, na kutoa takriban mita za ujazo 186,000 kila siku, sehemu kubwa zikienda Mombasa na zilizobaki zikitumika Kwale. Kwa mji wenye kiu ya miaka mingi, hizo si takwimu za kupuuza. Lakini kuna jambo moja la jiografia ambalo halisemwi vya kutosha. Mto Mwache haumwagiki mbali na mji unaoungoja. Unaingia katika hori ya Mwache, mkono mwembamba wa bahari wenye mikoko pande zote. Hori hiyo inafunguka katika Port Reitz, na maji ya Port Reitz, pamoja na yale ya mito ya Cha Shimba na Mambome, hayana njia nyingine ya kufika bahari kuu ila kupitia Kilindini, yaani mbele ya Liwatoni. Mto ule ule utakaoletwa kwenye mfereji ndio uliokuwa ukija wenyewe kwa njia ya hori tangu zamani. Kwa hiyo mjadala wa bwawa hili hauhusu wakazi wa mji upande mmoja na mazingira ya watu wengine upande wa pili. Ni mjadala wa mji mmoja unaoamua kiasi gani cha mto wake kipite ndani ya bomba na kiasi gani kipite nje ya bomba.

Msimamo wangu ni huu. Bwawa linahitajika, na anayelipinga kwa jina la mikoko ana deni la kumweleza mama wa Liwatoni atapata wapi maji. Lakini mto nao lazima ukatiwe fungu lake. Fungu hilo lisiwe makombo yanayobaki baada ya kila mtu kuchota, wala kijito kimoja kinachotiririka kwa kiwango kile kile mwaka mzima. Lifuate majira, liwe na mafuriko ndani yake, liandikwe na kutangazwa kabla bwawa halijaanza kujazwa. Hilo la mafuriko ndilo gumu kueleweka, na ndilo ninalotaka kulitetea zaidi.

Tuanze na Mzima, kwa sababu pale Mombasa tayari ina ushahidi kwamba maji yanayoachwa mtoni hayapotei. Bomba la miaka ya 1950 halikuchota chemchemi yote. Linachukua sehemu ndogo, na maji mengi yanaachwa yaendelee kujaza yale mabwawa maangavu ambamo viboko na mamba wanaishi. Mtu anaweza kudhani kwamba maji hayo yaliachwa kwa ajili ya wanyama na watalii peke yao. Lakini yafuate yanakokwenda. Kutoka Mzima yanaingia mto Tsavo, Tsavo unakutana na Athi, na kuanzia hapo mto unaitwa Galana, kisha Sabaki unapokaribia Malindi. Wakati wa kiangazi, Athi unapodhoofika, ni Tsavo unaoupa mto ule uhai. Na kwenye kingo za Sabaki, pale Baricho, ndipo kuna visima vinavyojazwa na maji yanayopenya kwenye mchanga wa mto, na visima hivyo ni tegemeo kubwa la Mombasa, Kilifi na Malindi. Maana yake ni kwamba sehemu ya maji yaliyoachwa Mzima, baada ya kunywesha viboko, tembo na miti ya kandokando, huja kuchotwa tena kwa ajili ya binadamu kilomita nyingi chini yake. Kila linapofufuliwa pendekezo la bomba la pili la Mzima, hesabu hii inapaswa kuwa mezani. Maji yakiongezwa kwenye bomba la juu yatapungua kwenye mto wa chini, na wenyeji wa Taita Taveta, ambao kwa muda mrefu wamelalamika kwamba bomba linapita kwao bila kuwanufaisha vya kutosha, watauliza kwa haki ni nani hasa anayeongezewa.

Mto ukifika pwani, kazi yake hubadilika. Hapo hauleti maji tu. Unashika pia usukani wa chumvi. Wazee wa Mji wa Kale wanalijua jambo hili kutokana na visima vya misikiti na vya majumba ya zamani. Chini ya mwamba wa matumbawe kuna tabaka la maji baridi ya mvua lililoelea juu ya maji ya bahari, kwa kuwa ya chumvi ni mazito zaidi. Ukichota kwa kiasi, kisima kinabaki kitamu. Ukichota kupita mvua inavyorudisha, chumvi inapanda kutoka chini, na ikishapanda haishuki upesi. Katika hori sheria ni hiyo hiyo, ila badala ya kupanda, chumvi husogea kuelekea bara. Mvua za masika na vuli zinapoleta maji ya mto, chumvi inasukumwa nyuma. Kiangazi kinaporefuka na jua kali likavukiza maji yaliyotuama kwenye matope, chumvi ya ndani ya hori inaweza hata kuipita ile ya bahari wazi.

Viumbe wa hori wamejipanga kwa kufuata mabadiliko hayo. Kamba wakubwa hutaga baharini, vifaranga vyao huingia kwenye hori zenye mikoko kwa mkondo wa maji kujaa, wakakulia humo kwenye tope na mizizi, na mafuriko ya mvua yanaposhusha chumvi hutoka kwa wingi kurudi baharini. Ndiyo sababu kitovu cha uvuvi wa kamba nchini Kenya kimekuwa Malindi-Ungwana, ghuba inayopokea mito ya Tana na Sabaki, wala si mahali pengine penye bahari nzuri zaidi lakini pasipo na mto. Mkizi, mwatiko, kaa wa matopeni na chaza nao, kila mmoja kwa kadiri yake, wanategemea hori yenye misimu. Jodari wanaoshushwa Liwatoni hawategemei Mwache. Hao wanatoka kina kirefu cha Bahari ya Hindi, na kudai vinginevyo ni kuidhoofisha hoja. Lakini samaki anayeliwa na mtu wa kipato kidogo Mombasa mara nyingi si jodari wa bahari kuu. Ni yule anayevuliwa kwa ngalawa, kwa mtumbwi, kwa mshipi na nyavu ndogo katika maji ya karibu, na katika maji hayo ya karibu hori ndiyo malezi.

Hapa pana pingamizi la maana kutoka kwa watu wanaoijua Mwache. Watasema kwamba mto huu umeiumiza mikoko kuliko ulivyoilisha. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 ziliteremsha udongo mwingi kutoka mashamba na malisho ya Kinango, matope yakafunika mizizi ya kupumulia ya mikoko ndani ya hori, na sehemu kubwa ya miti ikafa imesimama. Wanasayansi wa bahari, akiwemo Johnson Kitheka na wenzake waliopima mwendo wa tope katika hori ile, walionyesha jinsi mto wa msimu unavyoweza kumwaga kwa siku chache za mafuriko mzigo mkubwa wa udongo. Basi, bwawa likinasa tope si litaiokoa mikoko?

Kwa kiasi fulani ndiyo, na haifai kulikana. Mkoko unazikwa na tope la ghafla. Lakini mkoko huo huo huzama ukikosa tope kabisa, kwa sababu bahari inapanda na msitu hauwezi kuinua sakafu yake bila udongo mpya kuletwa kidogo kidogo. Tena, tope linalonaswa halipotei. Linakaa ndani ya bwawa na kula nafasi ya maji. Kenya imeshayaona hayo Masinga kwenye mto Tana, bwawa lililokamilika mwaka 1981, ambalo udongo wa miinuko ya juu umepunguza uwezo wake. Kutumia bwawa la mji kama chujio la udongo wa Kinango ni kulinunulia kifo cha mapema. Udongo unazuiliwa shambani, kwa matuta, kwa nyasi, kwa mabwawa madogo ya kunasa mchanga kwenye vijito, na kwa mkulima kupewa sababu ya kufanya kazi hiyo. Ukizuiliwa huko, bwawa linaishi na hori inapata kiasi inachokiweza.

Sasa tuje kwenye sheria, kwa kuwa Kenya haikulala katika jambo hili. Afrika Kusini ilitangulia mwaka 1998 kwa sheria ya maji iliyotenga akiba: kwanza maji ya mahitaji ya msingi ya binadamu, yaliyowekwa kuanzia lita 25 kwa mtu kwa siku, kisha maji ya kuhifadhi uhai wa mto. Kenya ilifuata kwa Sheria ya Maji ya 2002 na ikaendeleza wazo hilo katika ile ya 2016: akiba ni maji ya mahitaji ya msingi ya watu pamoja na ya kulinda viumbe vya majini, na hutengwa kabla ya vibali vya matumizi mengine. Katiba ya 2010 nayo inaziweka haki zote mbili, ya maji safi ya kutosha katika kifungu cha 43 na ya mazingira safi katika kifungu cha 42. Hadi hapo hakuna cha kulaumu. Ugumu unaanza kwenye kipimo. Kanuni za rasilimali za maji za 2007 zilisema akiba isipungue kile kiwango cha mtiririko ambacho mto hukifikia au kukipita kwa asilimia 95 ya wakati. Kwa lugha ya kawaida, panga siku zote za mto kuanzia ile yenye maji mengi hadi ile yenye maji machache, kisha utazame karibu na mwisho wa mstari: hicho ndicho kima cha chini kisichoguswa.

Kwa mto wa kudumu kama Tana, kipimo hicho kina maana, kwa kuwa hata siku zake mbaya zina maji. Lakini Mwache ni mto wa msimu. Karibu na mwisho wa mstari wake kuna vidimbwi na mchanga mkavu. Ukichukua kipimo cha asilimia 95 ukakitia hapo kama kilivyo, akiba inayopatikana inakaribia sufuri, na bwawa linaweza kuzuia takriban kila tone huku msimamizi wake akiwa ametimiza sheria. Hori, ambayo haikuwahi kuishi kwa kima cha chini bali kwa mafuriko ya Aprili, Mei na Novemba, itakuwa imenyimwa kile hasa kilichokuwa kikiiendesha, na kwenye karatasi hakutakuwa na kosa lolote. Nadhani hapa ndipo penye hatari kubwa zaidi ya mradi wote kwa upande wa mazingira, na haitokani na ubaya wa mtu. Inatokana na kipimo kilichoshonwa kwa mwili mwingine.

Fungu linaloufaa mto wa namna hii linapaswa kuwa na sura tofauti. Katika kiangazi liwe dogo, kwa kuwa mto wenyewe ulikuwa mdogo. Kuufungulia maji mengi wakati huo si kuusaidia, ni kuubadilisha. Mwanzoni mwa mvua, mafuriko madogo ya kwanza yaachwe yapite, maana ndiyo yanayosafisha mkondo na kuwapa viumbe wa hori taarifa ya msimu. Na katika mwaka wa mvua nzuri, angalau mara moja, kifunguliwe kilele cha mafuriko cha siku kadhaa chenye nguvu ya kuisukuma chumvi hadi mwisho wa hori. Mwaka wa ukame fungu lipungue kama mto ulivyokuwa ukipungua wenyewe, ili mji na hori vigawane dhiki. Jambo hili lina masharti ya kihandisi ambayo hayangoji. Bwawa lenye bomba dogo la kutolea maji haliwezi kuachilia mafuriko hata meneja wake akitaka. Ukubwa wa milango ya chini ni uamuzi wa mchoro na zege, na ukikosewa haurekebishwi kwa barua ya wizara. Vilevile maji ya kina cha bwawa huwa na oksijeni kidogo, na yakitolewa peke yake yanaweza kuua samaki wale wale ambao yanakusudiwa kuwasaidia, hivyo pawe na uwezo wa kutoa maji kutoka tabaka zaidi ya moja.

Pingamizi zito kuliko yote ni la moyoni: watu kwanza. Utamwambiaje mtu anayenunua maji kwa mtungi kwamba umeachilia mamilioni ya lita yakamwagikie kaa? Jibu linahitaji hesabu kidogo. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu 1,208,333 katika Kaunti ya Mombasa. Ukimpa kila mmoja lita 25 kwa siku, unahitaji takriban mita za ujazo 30,000, yaani karibu sehemu moja ya sita ya kile bwawa la Mwache limekusudiwa kutoa. Ukizidisha maradufu, ukampa kila mtu lita 50, bado hujafika theluthi. Kwa hiyo fungu la mto halishindani na maji ya kunywa ya mtoto wa Liwatoni. Linashindana na tabaka za juu za matumizi: viwanda, hoteli, bustani, na zaidi ya yote maji yanayopotea. Na hapa Mombasa ina aibu ya kuikabili, kwa kuwa karibu nusu ya maji yanayoingia kwenye mtandao wake hayaonekani kwenye ankara, mengine yakivuja kwenye mabomba makuukuu, mengine yakiibwa na mengine yakipita kwenye mita zisizosoma. Ukimimina maji ya Mwache katika mtandao huo kabla ya kuuziba, utakuwa umenyima hori maji ili uyamwage chini ya barabara. Kuziba mabomba hakuna jiwe la msingi la kuzinduliwa, na huenda ndiyo maana husogezwa nyuma. Lakini kila mita inayookolewa pale ni mita ambayo mto hauhitaji kuombwa.

Wengine hawana hoja ya huruma bali ya uhandisi wa kizamani: maji yanayoingia baharini yamepotea. Misri iliwahi kufanya jaribio kubwa la fikra hiyo. Bwawa Kuu la Aswan lilipoanza kuzuia mafuriko ya Nile katikati ya miaka ya 1960, uvuvi wa dagaa wa Bahari ya Kati kwenye mlango wa mto, uliokuwa umefikia karibu tani 18,000 mwaka 1962, uliporomoka hadi chini ya tani 1,000 kabla muongo huo haujaisha. Mafuriko yale yalikuwa yakibeba rutuba iliyokuwa ikilisha vijimea vya baharini, na vijimea vilikuwa vikilisha dagaa. Haki inanidai niongeze kwamba uvuvi ulirudi miaka ya 1980, lakini watafiti wengi wanaona rutuba mpya ilitoka kwenye mbolea za mashambani na maji taka ya miji. Sidhani kuna mtu Mombasa anayetaka Kilindini irutubishwe kwa njia hiyo. Tayari maji taka yanayoingia kwenye hori za kisiwa ni mengi kuliko zinavyostahili, na maji ya mto yakipungua kila uchafu unabaki mzito zaidi, maana kilichokuwa kikiuzimua hakipo.

Watasema pia kwamba haya ni maneno mazuri yasiyotekelezeka Afrika Mashariki. Ni kweli kwamba mifano yetu ya kushindwa iko karibu. Ruaha Mkuu nchini Tanzania ulikuwa mto wa kudumu hadi mwaka 1993, ulipokauka katika kiangazi. Tangu hapo umekuwa ukikatika mara kwa mara, kwa sababu maji ya bonde la Usangu huishia kwenye mashamba ya mpunga na matumizi mengine kabla ya kufika hifadhi ya Ruaha. Kwenye Tana, mabwawa matano yaliyojengwa kati ya Kindaruma mwaka 1968 na Kiambere mwaka 1988 yaliwapa Wakenya umeme, lakini yalipunguza mafuriko ya mara mbili kwa mwaka ambayo Wapokomo walilimia mpunga na ndizi na Waorma walilishia ng'ombe wao, na huko karibu na Kipini chumvi imekuwa ikisogea mashambani. Lakini mifano ya kufikiri vizuri nayo ipo. Katika bonde la Pangani, miaka ya 2000, ofisi ya bonde na shirika la uhifadhi la IUCN walikaa na wataalamu wa maji, samaki na uchumi wakapima hali mbalimbali za ugawaji: mto utakuwaje, na kaya zitapata au kupoteza nini, katika kila moja. Na mwaka 2014 Marekani na Mexico, nchi mbili zinazogombania kila lita ya mto Colorado, zilikubaliana kuufungulia mto huo mafuriko ya makusudi kwa wiki nane. Mto uliokuwa hauifikii bahari ukaifikia tena, na mierebi ikachipua kwenye mkondo uliokuwa mkavu. Kiasi kilichotumika kilikuwa chini ya asilimia moja ya mtiririko wa asili wa mwaka. Mafuriko kidogo, yakitolewa kwa wakati wake, hufanya kazi kubwa kuliko kijito kirefu kisicho na majira.

Kinachotenganisha mifano hiyo miwili na ile ya kushindwa si utajiri peke yake. Kwenye Pangani na Colorado, maji yalipimwa na vipimo vikawekwa wazi kwa waliohusika. Kwa Mwache hilo si gumu. Kituo kimoja cha kupima mtiririko chini ya bwawa, vipima chumvi viwili au vitatu ndani ya hori, na takwimu zake kutolewa kila mwezi na Mamlaka ya Rasilimali za Maji mahali ambapo mvuvi, mwandishi wa habari na mkulima wanaweza kuzisoma, vingegharimu kiasi kidogo mno ukilinganisha na zege la bwawa. Na wanaostahili kuzijadili wanajulikana: jumuiya za watumiaji maji za Kinango juu ya mto, na vikundi vya usimamizi wa fukwe, BMU, vya Port Reitz na Kilindini chini yake. Kwa sasa sheria inawaweka katika vikao tofauti, hawa wa maji na wale wa samaki, kana kwamba mto hukoma pale maji yanapoanza kuwa na chumvi. Watu wa Kwale wana haki ya kuwa wa kwanza mezani. Wao ndio waliohamishwa, waliobishania fidia, na wao ndio watakaoambiwa wapande nyasi kwenye malisho yao ili bwawa la mji lisijae udongo. Mji unaotaka kazi hiyo uilipie, kupitia bei ya maji, kila mwaka, bila kungoja mfadhili.

Kipindi kinachonitia hofu kuliko vyote ni kile cha kujaza. Bwawa likishafungwa kwa mara ya kwanza, kila mtu ana haraka: mkandarasi amalize, serikali izindue, mji upate maji. Ni wakati ambapo milango inaweza kufungwa kabisa kwa msimu mzima au miwili, na hori ikapitia masika bila mto. Ujazo wa bwawa la Julius Nyerere kwenye Rufiji ulianza Desemba 2022, na ilipofika Aprili 2024 wakulima wa Rufiji na Kibiti walikuwa wamezingirwa na mafuriko, huku mabishano yakiendelea kuhusu bwawa liliyapunguza kwa kiasi gani na maji yaliyofunguliwa yaliongeza nini. Lolote liwalo jibu la huko, funzo la kiutawala halina utata: watu wa chini ya bwawa wanatakiwa kujua ratiba ya milango kabla ya mvua, si baada yake. Ratiba ya Mwache inaweza kuandikwa sasa, mto ukiwa bado unapita. Inahitaji kusema mambo machache: mwaka wa kwanza wa kujaza ni mafuriko yapi yataachwa, bwawa likifika kiwango gani fungu la kawaida litaanza, nani anafungua mlango, nani anaarifiwa na kwa siku ngapi kabla, na Mamlaka itamchukulia hatua gani asiyefungua. Pia vipimo vya chumvi na vya kamba katika hori vichukuliwe msimu huu na ujao, kwa sababu baada ya ukuta kufungwa hakuna atakayeweza tena kupima Mwache ilikuwaje.